Kamanda Ameanguka Tena

Juma lililopita niliwaacha ndani ya stoo ya shule, nimeshika kadi ya hospitali iliyofichwa chini ya bendeji, na mkono wa mtu umetua begani mwangu. Wasomaji watatu wameniandikia kuuliza ulikuwa mkono wa nani. Mmoja amekisia kuwa ni wa mwizi. Naomba radhi kwa kumkatisha tamaa: ulikuwa mkono wa shangazi yangu.

Kwa faida ya aliyelishika gazeti hili leo kwa mara ya kwanza, nitayapanga mambo kwa ufupi. Mimi ni mwalimu wa hesabu, na pia ni katibu wa kikundi cha kujitolea cha huduma ya kwanza. Tuko sita. Mchezaji akivunjika mguu uwanjani, au mwanafunzi akizimia mstarini, sisi ndio tunaokuja mbio na machela. Kiongozi wetu ni shangazi yangu, dada mkubwa wa marehemu baba, muuguzi mstaafu aliyenilea tangu nikiwa na miaka tisa. Kikundini haitwi shangazi. Anaitwa Kamanda, na shingoni huvaa filimbi ambayo mtu mwingine hajawahi kuipuliza.

Mmekwisha kusoma jinsi nilivyopewa ukatibu bila kuuomba, jinsi nilivyodondoshwa kutoka kwenye machela mbele ya wanafunzi wangu, na jinsi Kinyozi, mwenzetu kikundini, alivyonifunga bendeji kwenye mguu usioumia. Hayo nilitendewa. La leo nimelitenda mwenyewe, na ndiyo maana naliungama.

Basi, mkono begani, shangazi akaniuliza:

"Umesoma?"

"Nimesoma, shangazi."

"Umesoma yote, au umesoma juu juu kama wanafunzi wako?"

"Yote. Shangazi, huu ni moyo."

"Najua ni moyo. Ungekuwa kisigino ningekuonyesha mwenyewe."

Kadi ilieleza kwamba moyo wake hupiga polepole mno, na mara nyingine husahau kupiga kwa sekunde kadhaa, kama mwanafunzi aliyesinzia wakati majina yanaitwa. Daktari alitaka kumwekea kifaa kidogo kifuani cha kuukumbusha. Kitanda kilikuwa kimetengwa Jumatatu, saa mbili asubuhi. Juu yake palikuwa na tarehe mbili nyingine zilizokatwa kwa wino mwekundu, na pembeni ya kila moja maneno yale yale: mgonjwa hakufika.

"Hukwenda mara mbili?"

"Mara ya kwanza kulikuwa na mechi."

"Na ya pili?"

"Mvua."

"Mvua ikuzuie wewe?"

"Ilikuwa kubwa."

Nilimtazama. Niliwahi kumwona huyu huyu akimvusha mama mjamzito kwenye maji ya mtaro, maji yamemfika kiunoni, huku akiwafokea wanaume waliosimama kutazama.

"Shangazi, Jumatatu utakwenda."

"Ijumaa hii ni siku ya michezo ya shule yako, nami nitakuwapo. Lakini nikilazwa Jumatatu, filimbi ataishika nani? Kinyozi, anayefunga mguu mzima akauacha mbovu? Au wewe, ambaye mtu akizimia unatafuta kwanza kalamu?"

Kalamu ilikuwa mkononi.

"Weka mkono hapa," akasema, akanisogezea sanduku la huduma ya kwanza. "Apa kwamba hutamwambia mtu."

Niliapa. Sijui kiapo kinacholiwa juu ya sanduku la pamba na mkasi kina uzito gani mbele ya sheria, lakini mimi nilikihesabu kuwa kiapo.

"Hakuna mwingine anayejua, mwanangu," akanong'ona. "Ni wewe peke yako."

Nakiri kwamba kwanza nilijivuna. Hofu ilikuja baadaye, wakati wa chakula, nilipokaa mezani na mke wangu nikashindwa kumtazama. Yeye naye ni mwanakikundi, hufundisha darasa la kwanza, na kwa kawaida huniuliza maswali mpaka niseme hata nisiyoyajua. Jioni ile hakuuliza kitu. Nikamshukuru Mungu kwa kunipa mke asiye mdadisi.

Hapa lazima nieleze desturi moja ya kikundi chetu, maana bila hiyo hamtanielewa.

Katika kila zoezi, Kamanda huanguka. Hatoi taarifa. Anaweza kuwa anaita majina, anaweza kuwa anakunywa maji. Ghafla yuko chini, amefumba macho, na sisi tunatakiwa kufuata hatua saba alizotuandikia mwenyewe, kwa mpangilio, yeye akihesabu sekunde kimoyomoyo. Akiridhika hufumbua jicho moja. Asiporidhika hufumbua yote mawili.

Kesho yake, Jumatano, nilifika mapema darasani kwangu, ambako ndiko tunakofanyia mazoezi. Nilikuwa nimebeba kiti cha ofisi ya mkuu wa shule, chenye mikono na mto, nikikusudia kukiweka karibu na ubao ili shangazi akae bila kujua kwamba amekalishwa. Mpango ulikuwa mzuri. Kasoro yake ilikuwa moja: karibu na ubao palikuwa na kiti tayari.

Kilikuwa cha Bi Cherehani, fundi wetu wa nguo, chenye foronya mpya.

"Hiki cha nini, Bi Cherehani?"

"Cha... mgongo wangu," akasema. "Na hicho chako?"

"Cha mgongo wangu."

Kabla migongo yetu haijapata nafuu, mlango ulijaa. Kinyozi aliingia akihema, amejitwika kile kiti kikubwa cha kazini kwake, kinachozunguka.

"Nakipeleka kwa fundi," akajieleza kabla hajaulizwa. "Nikasema nikipitishe hapa kipumzike."

Nyuma yake alikuja Dereva wa gari la mikate, ambalo siku za shughuli ndilo hugeuka gari letu la wagonjwa. Alikuwa na kreti ya mikate aliyoifunika gunia safi. Mwisho akaingia mke wangu na kiti cha darasa la kwanza, cha kimo cha goti, akakiweka pembeni huku akitazama dirishani.

Kamanda alipofika alisimama mlangoni. Alivihesabu kwa kidole.

"Vitano. Leo tunajifunza huduma ya kwanza au tumefungua duka la fanicha?"

Kila mmoja akakitazama kiti cha mwenzake.

"Nani anaumwa humu?"

"Hakuna, Kamanda!" tulijibu kwa pamoja, na kwa sauti iliyozidi kiasi.

"Basi simameni, mimi na nyinyi."

Alianza kuita majina. Alifika kwa Kinyozi, akanyamaza, akapeleka mkono kifuani, akaanguka.

Msomaji, naandika haya nikiwa na aibu. Hakuna aliyekumbuka hatua ya kwanza wala ya saba. Dereva alipiga magoti akaanza kumpepea kwa gunia. Bi Cherehani alilia kama aliyefiwa. Mke wangu alimshika miguu, mimi nikamshika mikono, na kila mmoja akavuta upande wake.

"Moyo!" akapiga kelele Kinyozi. "Jamani, ni moyo!"

"Moyo wake!" akaitikia Dereva. "Unapiga polepole!"

"Kitanda ni Jumatatu!" akalia Bi Cherehani. "Hata Jumatatu hajaiona!"

Mimi nikaachia mikono. Nikawatazama mmoja mmoja.

"Nyinyi mmejuaje?"

"Wewe umejuaje?" akasema Kinyozi.

"Niliapishwa. Nikaambiwa ni mimi peke yangu."

"Hata mimi niliambiwa ni mimi peke yangu. Juu ya sanduku."

"Juu ya sanduku," akasema Dereva polepole, kama mtu aliyegundua kwamba mchumba wake ana wachumba wanne wengine.

Nikamgeukia mke wangu.

"Na wewe?"

"Tangu mwezi wa pili."

"Mwezi wa pili! Tunalala chumba kimoja!"

"Niliapishwa, baba watoto. Na wewe ulikuwa unakula jana umeinama kama mwizi wa kuku, nikakuuliza?"

Ndipo tuliposikia sauti kutoka sakafuni.

"Mkimaliza mkutano mnijulishe. Mgonjwa bado yupo."

Tulitazama chini. Macho yote mawili yalikuwa wazi.

Kamanda aliinuka mwenyewe, akakataa mikono mitano. Akavuta miwani kutoka mfuko wa shati la kazi, akaivaa, akafungua daftari lake la maksi.

"Sifuri," akaandika. "Sifuri. Sifuri. Mwalimu, wewe ungenikata vipande viwili. Na hatua ya tano, ambayo nawaimbia kila siku, mmeifanya nini?"

Hatua ya tano ndiyo hii: mwambie mgonjwa ukweli wa yaliyompata na unayomfanyia, hata kama unadhani hasikii. Ndiyo anayoipenda kuliko zote. Husema amewaona wengi wakifa wakidanganywa, na wengine wakipona kwa hasira ya kudanganywa.

"Mimi nimelala hapa," akaendelea, "Bi Cherehani ananiambia, 'Uko salama, Kamanda, uko salama kabisa,' huku machozi yake yananiingia puani. Huo ndio ukweli?"

"Tunakupenda, Kamanda," akasema Bi Cherehani.

"Nimeona. Nikiwa mzima mnanibeba kama kioo. Mkijua naumwa, mnanigombania kama mtumba."

Akakaa. Alikaa, nadhani bila kukusudia, kwenye kiti cha Kinyozi, kikazunguka nusu duara mpaka akatazama ubao. Hakuna aliyethubutu kucheka. Akaongea vivyo hivyo, ametupa mgongo.

"Sikilizeni. Miaka kumi na miwili nimekijenga hiki kikundi. Siendi kulazwa halafu mtu afe uwanjani kwa sababu nyinyi mnalia. Nitaanguka tena mara moja kabla ya Jumatatu. Sisemi lini. Akipatikana mtu mmoja tu wa kuziongoza hatua saba bila mikono kutetemeka, namvisha filimbi, nakwenda kitandani, wanifanye watakavyo. Asipopatikana, siendi."

"Shangazi," nikasema, "daktari ameandika kwamba moyo unaweza kusimama."

"Basi mjifunze haraka."

Sasa, msomaji, kaa karibu. Wenzangu walikuwa wakivibeba viti, mimi nilibaki nimesimama. Nilikuwa nimeona kitu.

Miwani. Aliitoa mfukoni.

Nilirudi nyuma katika kumbukumbu, zoezi baada ya zoezi, kama mtu anayesahihisha madaftari. Miaka sita niko kikundini. Sikumbuki hata siku moja Kamanda kuanguka na miwani usoni. Alikuwa nayo moja tu, na aliitunza kuliko mboni zenyewe. Kabla ya kila anguko, kwa namna ambayo hakuna aliyewahi kuitambua, aliivua akaitia mfukoni. Kwa hiyo anguko la zoezi lingekuwa na miwani mfukoni. Anguko la kweli, Mungu aepushe, lingemkuta nayo usoni.

Mwalimu mwema angewagawia wenzake ugunduzi huo. Mimi sikuwagawia. Nilijiambia kwamba wakijua wote, watatulia wote, na Kamanda atashuku. Hiyo ilikuwa sababu niliyojipa. Sababu ya kweli ni kwamba nilijua mikono yangu. Nisingeweza kumwona mwanamke aliyenilea amelala chini nisitetemeke, isipokuwa niwe na hakika kwamba anaigiza.

Nilitaka aende hospitali. Ili aende, ilinipasa nifaulu mtihani. Na ili nifaulu, niliiba majibu.

Mimi, ambaye wiki mbili zilizopita nilimsimamisha mwanafunzi mbele ya darasa zima kwa kuchungulia daftari la jirani yake.

Alhamisi tulifanya mazoezi kwa kumtumia Dereva kama mgonjwa. Alikuwa mzito, na alikataa katakata kufumba macho.

"Nikifumba nitalala," akasema. "Naamka saa tisa alfajiri, mikate hainisubiri."

"Fumba, bwana, mgonjwa gani anatuchungulia?" akasema Kinyozi.

"Nawaangalia mikono. Wewe jana ulinyoa mtu ukamwachia sikio moja na nywele."

Niligawa nafasi. Niliandika ratiba yenye safu nne. Mke wangu aliisoma, akatikisa kichwa.

"Wewe hutetemeki, mume wangu?"

"Kwa nini nitetemeke?"

"Nauliza tu," akasema, akaendelea kunitazama.

Ijumaa uwanja wa shule ulikuwa umechorwa mistari ya chokaa, na watoto walikuwa wengi kuliko kelele zao. Hema letu lilikuwa kando ya mstari wa mwisho. Kamanda alisimama mbele yake, filimbi shingoni, shati limenyooshwa mpaka lingeweza kusimama lenyewe. Nilimwona mara mbili akiegemea mlingoti wa hema. Nilimwona pia akijifanya anaukagua mlingoti.

Asubuhi yote tulitibu magoti mawili na jino moja. Saa sita mbio za kupokezana vijiti zikaanza. Mimi nilikuwa ndani ya hema nikiandika habari za jino. Nilisikia watoto wakishangilia, kisha nikasikia upande mmoja wa kelele ukizimika.

"Kamanda ameanguka tena!" Kinyozi akaita.

Nilitoka. Alikuwa amelala ubavu kwenye nyasi, Bi Cherehani amekwishapiga magoti kando yake. Sikuutazama uso. Nilitazama mfuko wa shati.

Mkono mmoja wa miwani ulikuwa umechungulia nje.

Msomaji, sijawahi kutulia kama nilivyotulia wakati ule. Nilihakikisha mahali ni salama, nikawarudisha watoto hatua kumi. Nikamwita kwa jina lake la kikundi, mara mbili, nikamgusa bega. Nikamnyooshea Dereva kidole, yeye na si mwingine, nikasema, "Lete gari, mlango wa nyuma uwe wazi." Nikalegeza kola, nikasikiliza pumzi, nikamweka sawa ubavuni, kichwa kimeinuliwa nyuma kidogo.

"Mwalimu," Bi Cherehani akanong'ona, "mikono yako kama ya fundi saa!"

Hatua ya tano niliiruka. Kumweleza ukweli mtu ninayejua anaigiza kungekuwa maigizo juu ya maigizo. Nikaingia ya sita: watu wanne kwenye machela, tukahesabu pamoja, tukainua. Haikuyumba. Ya saba, nikaandika saa: sita na dakika kumi na nne.

Watoto walipiga makofi. Mkuu wa shule alitusifu kwenye kipaza sauti. Kinyozi alikuwa akinitazama kama mtu anayeona kiti chake kikizunguka chenyewe.

Ndani ya gari, katikati ya rafu za mikate, niliinama nikamwambia shangazi kwa furaha, "Haya, Kamanda. Fumbua jicho moja."

Hakufumbua.

"Kamanda. Tumemaliza."

Nikadhani anamalizia kuhesabu sekunde. Nikangoja. Gari lilipita tuta, kichwa chake kikatikisika bila yeye kukirekebisha.

"Afadhali niliiwahi miwani yake," akasema Bi Cherehani, akijipangusa jasho. "Ilimruka usoni alipokwenda chini, mtoto mmoja kidogo aikanyage. Nikaiokota nikamtia mfukoni."

Nililishika sanduku la huduma ya kwanza kama mtu aliye ndani ya maji.

Ndipo mikono ilipoanza. Ilitetemeka mpaka mikate ikanisikia. Nikaitia chini ya mapaja. Nikainama tena, na safari hii, nje kabisa ya mpangilio, nikaifanya hatua ya tano.

"Shangazi," nikasema. "Umeanguka kweli. Unapumua. Tunakupeleka hospitali na gari la mikate. Naogopa sana."

Tulikwenda hivyo dakika moja, labda mbili. Kisha midomo yake ikasogea.

"Ya tano," akasema, taratibu kama anayeamka, "haiji baada ya ya saba."

Bi Cherehani alilia, lakini safari hii hakuna aliyemkataza. Kinyozi alibusu mkate.

Hospitali, daktari alikuja mwenyewe mlangoni. Ni mama wa makamo, aliyewahi kujifunzia kazi chini ya shangazi, na bado humwita "dada mkubwa" kwa hofu.

"Dada mkubwa, mapigo thelathini na mawili kwa dakika. Hatungoji Jumatatu. Chumba kiko tayari, watu wangu wako tayari. Nahitaji sahihi yako tu."

"Lete karatasi," akasema shangazi.

Wote tulishusha pumzi. Walimlaza, wakanikabidhi miwani iliyokuwa mfukoni mwake, wakamwinua mgongo kwa mito, wakampa karatasi na kalamu. Uso wake ulikuwa umepauka, lakini jicho lilikuwa lile lile. Aliivua filimbi shingoni, akaiweka juu ya shuka, kati yangu na yeye.

"Bi Cherehani ameniambia habari zako njiani."

"Ndiyo, shangazi."

"Anasema kama fundi saa."

"Anatia chumvi."

"Kinyozi ameapa, tena bila sanduku." Akanitazama kwa macho yaliyokunjwa, maana bila miwani haoni mbali. "Mimi nilikuwa nimezimia, sikuona. Kwa hiyo nakuuliza wewe. Nilipokuwa chini pale, ulijua kwamba nimeanguka kweli?"

Mlangoni Kinyozi alianza kutikisa kichwa juu na chini kwa nguvu, akinielekeza niseme ndiyo. Dereva naye akaungana naye. Daktari alitazama saa yake, kisha akanitazama mimi kwa namna ya kusema: jibu lolote, bwana, ila liwe fupi.

Nilipiga hesabu, maana ndiyo kazi yangu. Nikisema ndiyo, anatia sahihi, na dakika hii hii wanampeleka ndani. Nikisema siyo, hakuna aliyefaulu, na yeye si mtu wa kuvunja neno lake: hatii sahihi. Hesabu ilikuwa nyepesi. Mtoto wa darasa la pili angeipata.

Lakini filimbi ilikuwa juu ya shuka. Na juu ya karatasi ya hatua saba, iliyobandikwa ndani ya kifuniko cha lile sanduku nililokuwa bado nimelikumbatia, ya tano ilikuwa imepigiwa mstari mara mbili.

Mke wangu alinisogelea. Sikujua kama amekuja kuniunga mkono au kunizuia. Alinifinya kidogo mgongoni, kama anavyonifinya ninapotaka kumjibu mgeni vibaya.

"Shangazi," nikasema, "kuna jambo moja kuhusu miwani yako."

Kinyozi alijifunika uso.

Kalamu ilikuwa imekwishagusa karatasi. Niliona nukta ya wino. Ikasimama pale pale. Kisha shangazi yangu, polepole, bila kuondoa macho kwangu, aliifunika kalamu kwa kifuniko chake, mpaka kikalia.

"Dada mkubwa," akasema daktari, "tafadhali, hatuna muda."

"Upo kidogo," akasema shangazi. Akanyoosha mkono. "Mwalimu, nipe hiyo miwani. Nataka nikuone vizuri unapoendelea."